DAMU HAIGAWANYWI KIKAONI: NANI ALIYEIWEKA MISINGI YA SHERIA YA JINAI?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote, Hakimu Muadilifu asiyemdhulumu yeyote hata uzito wa chembe. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Maswahaba zake na wote walioifuata njia yao kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, jinai ya kwanza ya kuua juu ya mgongo wa ardhi haikutendeka baina ya maadui. Ilitendeka baina ya ndugu wawili, watoto wa baba mmoja, na kisa chao kimo katika Suratul-Maida (5:27-32). Wafasiri wengi wanaeleza kuwa mmoja wao alikuwa mkulima na mwenzake alikuwa mfugaji. Sisi tunaoishi Basotu, baina ya mashamba ya ngano na malisho ya ng'ombe, hatuhitaji mwalimu wa kutufasiria kisa hicho. Tunakiona kila msimu mifugo inapoingia shambani na fimbo zinapoinuliwa.

Tunaandika makala hii kwa sababu ya kikao kimoja tulichokihudhuria. Kijana aliuawa usiku kwa ugomvi wa mifugo na shamba. Aliyemuua alijulikana, na silaha yake ilijulikana. Asubuhi wazee wa pande mbili wakaketi chini ya mti, wakajadili mpaka alasiri, na ng'ombe wakahesabiwa. Baba wadogo wa marehemu wakapata, wajomba wakapata, na wazee waliosimamia kikao wakapata chao. Mjane, aliyekuwa ameketi mbali na watoto wake watatu, hakuitwa wala hakuulizwa neno. Kisha likatoka agizo kwamba jambo hili limekwisha na lisifike polisi. Sisi, waalimu wa madrasa, tukaombwa tufunge kikao kwa dua.

Tuliomba dua. Leo tunasema hadharani, mbele ya jamaa zetu wa misikitini: tulikosea. Tuliinua mikono kuibariki dhulma. Na kwa kuwa kosa lilitendwa hadharani, na toba yake pia iwe hadharani, pamoja na maelezo.

Tangu siku ile tumewauliza wengi kwa nini mambo huenda hivi, na tumepewa hoja tatu. Tutazijibu moja baada ya nyingine, inshaallah.

HOJA YA KWANZA: "SHERIA YA SERIKALI NI YA MZUNGU, HAITUHUSU"

Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayowapoteza watu. Basi kwanza tuitoe hiyo nusu kama ilivyo.

Wajerumani walitawala kwa kiboko, na wazee wetu wakaupa utawala ule jina la adhabu yake: hamsa ishirini, yaani viboko 25. Waingereza walipochukua nchi, amri yao ya mwaka 1920 ilileta sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na katika jinai ikatumika Kanuni ya Adhabu ya India, ambayo rasimu yake iliandikwa na tume ya Macaulay mwaka 1837 na kupitishwa mwaka 1860. Mwaka 1930 Tanganyika, kama Kenya na Uganda, ikapewa kanuni nyingine. Asili yake ni kanuni iliyoandikwa na Samuel Griffith kwa ajili ya jimbo la Queensland huko Australia, ikapitishwa mwaka 1899, kisha ikapita Nigeria na Cyprus kabla ya kufika kwetu. Toleo la mwaka 1945 lililoshika nafasi ya lile la 1930 ndilo shina la Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayotumika Tanzania Bara mpaka leo, pamoja na marekebisho mengi. Ndiyo kusema kwamba kanuni inayomhukumu mchungaji wa Hanang ilishonwa kwa vipimo vya watu wengine, na sisi tukavishwa.

Si hayo tu. Mwaka 1921 mkoloni alitunga Sheria ya Adhabu ya Pamoja, iliyoruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la mtu mmoja. Sheria hiyo ilidumu hata baada ya uhuru, na Tume ya Jaji Nyalali iliyoundwa mwaka 1991 iliiweka katika orodha ya sheria 40 mbaya zilizostahili kufutwa au kurekebishwa.

Tena hapa kwetu lipo jeraha la ngano. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya NAFCO, yaliyosaidiwa na serikali ya Kanada, yalichukua malisho ya Wabarbaig katika nchi hii ya Basotu na majirani zake. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1984 wakashinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha ushindi ule, ikisema kijiji hakikuthibitisha kuwa kilimilikishwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Mfugaji aliyepita njia ya babu yake kuwapeleka ng'ombe majini akajikuta anashitakiwa kwa kuingia katika shamba la watu kwa jinai.

Na la mwisho. Kanuni hiyo hiyo inasema kutojua sheria si utetezi, ilhali yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza, kwa watu wasiokijua Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipopitisha kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili.

Basi mwenye kusema kwamba sheria hii ilikuja na meli hakusema uongo. Lakini sisi tunamuuliza: Je, kwa kuwa chombo kililetwa na Mzungu, ndiyo kusema damu ya ndugu yako haina mwenyewe? Kama hakimu wa serikali humtaki, mbona hukumfuata hakimu wa Allah, bali ulifuata tumbo la wazee wa kikao?

MISINGI ILIKUWEPO KABLA YA MELI

Ndugu yangu, tofautisha baina ya kanuni iliyoandikwa na misingi inayoibeba. Kanuni ina tarehe na mwandishi. Misingi ya haki katika jinai ilifundishwa na Mitume kabla ya Queensland kuwa na jina. Hebu tuitazame.

Kwanza, hakuna adhabu kabla ya kufikishiwa ujumbe. Suratul-Israi (17:15) inatufundisha kwamba Allah hawaadhibu watu mpaka awapelekee Mtume. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6), nayo inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa.

Pili, mbeba mzigo ni mwenye mzigo. Suratul-An'am (6:164) inaweka wazi kuwa nafsi haibebi dhambi ya nafsi nyingine. Msingi huu pekee unaibomoa ile sheria ya mkoloni ya 1921, na unaubomoa pia mtindo wa kwetu wa kulipiza kisasi kwa kumuua yeyote wa ukoo wa muuaji.

Tatu, nia. Suratun-Nisaa (4:92-93) inatenganisha kuua kwa kukosea na kuua kwa kukusudia, na kila kimoja kina hukumu yake. Sura ya 16 nayo hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia.

Nne, ushahidi. Maiz (R.A.) alikuja mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.) kukiri kosa lake, na Mtume akamgeuzia uso mara baada ya mara, akauliza kama ana wazimu, akauliza kama amelewa. Kutokana na mafunzo kama hayo mafakihi wakaijenga kanuni kwamba adhabu za hudud huondoshwa na shaka.

Tano, usawa. Mwanamke wa kabila tukufu la Banu Makhzum alipoiba, Usama bin Zayd (R.A.), kipenzi cha Mtume, alitumwa amwombee. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha na mnyonge akiiba walimwadhibu. Akaapa kwamba hata angekuwa ni binti yake Fatima, hukumu isingebadilika.

Hatudai kwamba Griffith alinakili kutoka kwa Imamu Shafii. Madai ya namna hiyo hayana ushahidi, na dini yetu haihitaji kusaidiwa kwa madai yasiyo na ushahidi. Tunachosema ni hiki: Muislamu anayekubali misingi hii msikitini hawezi kuikataa akiwa chini ya mti kwa kisingizio kwamba Mzungu naye anaitumia.

HOJA YA PILI: "NG'OMBE WALE NI DIA, NA DIA IMO KATIKA UISLAMU"

Hoja hii ni ya hatari zaidi, kwa sababu imevishwa kanzu. Ni kweli dia imo katika Uislamu. Dia ya asili ni ngamia mia, na imepokewa katika Sunan Abu Daud kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliwawekea wenye ng'ombe kiwango cha ng'ombe mia mbili. Kwa hiyo kuilipa dia kwa ng'ombe si jambo la ajabu. Lakini lipimeni lile la kikaoni kwa mizani ya Sharia, mtaona kuwa limekopa jina tu.

(1) Mwenye haki ya kuchagua ni nani? Suratul-Baqara (2:178) na Suratul-Israi (17:33) zimeiweka haki hiyo kwa walii wa damu, yaani warithi wa aliyeuawa. Wao ndio wanaodai kisasi mbele ya mamlaka, au wanaosamehe kwa dia, au wanaosamehe bure. Wazee wa kikao hawana kauli hapo. Jumuiya kubwa ya wanazuoni, wakiwemo Mashafii, wanamhesabu mjane miongoni mwa warithi wa haki hiyo. Na warithi wakiwa watoto wadogo, mafakihi wameeleza kwa urefu namna haki yao inavyolindwa. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba baba mdogo aipokee na aile.

(2) Mali inakwenda kwa nani? Dia ni mirathi. Mjane mwenye watoto ana thumni yake, mama ana sudusi yake, na watoto wana kinachobaki. Katika hili iko habari ambayo kila mzee wa Basotu anapaswa kuisikia. Sayyidna Umar mwenyewe alikuwa akiona kwamba dia ni ya ukoo wa baba na mke harithi kitu katika dia ya mumewe. Hapo Dhahhak bin Sufyan (R.A.) akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) alimwandikia ampe mke wa Ashyam Adh-Dhibabi urithi wake katika dia ya mumewe. Umar akaiacha rai yake. Amirul-Muuminina alirudi nyuma aliposikia haki ya mjane mmoja wa jangwani. Wewe uliyegawa ng'ombe ilhali mjane ameketi mbali, u nani hata usirudi nyuma?

(3) Anayelipa ni nani? Mtu atasema: "Mbona hata Sharia imeiruhusu aqila, yaani ukoo, kulipa?" Naam, imeruhusu katika kuua kwa kukosea, ili aliyekosea asifilisike na warithi wasikose haki yao. Ama aliyeua kwa kukusudia, dia yake hutoka katika mali yake mwenyewe. Katika kikao chetu muuaji alikusudia, ukoo ukamchangia, yeye hakupungukiwa hata na ndama, na juma lililofuata alionekana mnadani. Huko ni kumnunulia mtu ruhusa ya kuua tena.

Tazameni basi jinsi mkoloni na kikao walivyokutana njiani. Mkoloni aliutoza umma kwa kosa la mmoja, na kikao kinautoza ukoo ili huyo mmoja asiulizwe. Wote wawili wamemfuta mtendaji wa kosa.

Tena fahamuni kwamba kwa sheria ya nchi, kupokea mali kwa ahadi ya kuficha kosa kubwa la jinai ni kosa lenyewe. Mzee anayeondoka na ng'ombe wake jioni anaondoka na dhambi na kesi kwa pamoja.

HOJA YA TATU: "POLISI WAKO MBALI NA HAKI INANUNULIWA, TUMALIZE WENYEWE"

Hii ndiyo hoja ya wanaompiga mwizi wa ng'ombe mpaka afe, na wengine huongeza: "Si Qur'an imeamuru mwizi akatwe mkono? Sisi tunamsaidia Allah." Subhanallah! Allah ni mwenye kujitosheleza, hahitaji msaada wa petroli na tairi.

Ndugu Muislamu, mafakihi wamekubaliana kwamba hadd ya mtu huru haitekelezwi ila na mtawala au naibu wake, baada ya hukumu. Na mwizi, hata mahakamani mwa Kiislamu, ana masharti yake. Mali lazima ifikie nisabu, yaani robo dinari kwa Shafii, na iwe imetolewa mahali pa hifadhi. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mnyama aliyechukuliwa malishoni mlimani hakuna kukatwa mkono kwa ajili yake mpaka awe ameingia zizini. Mwizi wa aina hii huadhibiwa na hutozwa gharama, ila mkono wake haukatwi. Basi ikiwa mkono wenyewe umesalimika, roho itatolewa kwa dalili gani?

Sikilizeni na kisa hiki kilichomo katika Muwatta ya Imamu Malik. Watumwa wa Hatib walimwiba ngamia wa mtu wa Muzayna wakamchinja. Umar aliamuru wakatwe, kisha akazuia alipotambua kwamba bwana wao alikuwa akiwashindisha na njaa. Akauliza bei ya ngamia, akaambiwa dirhamu 400, akamtoza bwana wao dirhamu 800. Enyi wenye makundi makubwa mnaowaajiri vijana wachunge kwa ujira usioshibisha, kisha mnapiga yowe ndama akipotea: kwa hukumu ya Umar, huenda mnaopaswa kulipa ni ninyi.

Kuhusu Sungusungu, walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutambuliwa kisheria mwaka 1989, kazi yao ni kulinda, kukamata na kukabidhi. Kukamata si kuhukumu. Na kundi la watu lisilouliza jina, lisilosikiliza utetezi wala kutofautisha mwizi na mpita njia, linabeba damu, na kila aliyerusha jiwe ataulizwa fungu lake. Aya ile iliyofuatia kisa cha watoto wa Adam (5:32) imeifananisha kuua nafsi moja pasi na haki na kuwaua watu wote.

NENO KWA WENYE MAMLAKA

Hatukuandika haya ili tuisafishe serikali. Mwananchi anayefunga safari mpaka Katesh kufuatilia kesi, akaambiwa njoo kesho mara tano, ataurudia mti wa wazee. Ucheleweshaji wa haki ndio unaomjaza mtu petroli mkononi.

Tena kuna pengo katika sheria yenyewe. Kwa kuua kwa kukusudia, Sura ya 16 inamfunga jaji: adhabu ni kifo, hana hiari. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Sisi tunaongeza pengo la pili: mfumo huu haumuulizi mjane. Dola limejifanya mwenye damu peke yake. Linamhukumu mtu kifo, halimnyongi, kwani tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa, na wala haliwaulizi warithi kama wanasamehe. Mayatima wanabaki na nakala ya hukumu. Hapa ndipo Sharia ilipotangulia, kwa kumweka aliyedhulumiwa mbele, kumpa haki ya kudai, ya kulipwa na ya kusamehe.

Hata hivyo, katika makosa mengi mlango uko wazi nusu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru mkosaji alipe fidia kwa aliyeumizwa. Wangapi miongoni mwetu wameiomba? Tunalalamika kwamba mlango umefungwa ilhali hatujaubisha hodi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mtu akiuawa, habari ifike polisi siku ile ile. Mwenye kuificha asihesabiwe mpatanishi, maana ameshiriki.

Pili, imamu, ustadhi au mzee wa msikiti asihudhurie kikao cha kuzima damu, wala asikisomee dua. Sisi tumeanza na nafsi zetu.

Tatu, suluhu ya koo mbili ni jambo jema na Uislamu unaihimiza, ili visasi vikome. Lakini iwe juu ya kesi, isiwe mahali pa kesi. Na chochote kitakacholipwa kiandikwe kwa mashahidi na kigawiwe kwa mirathi, mjane na mayatima wakiwa wa kwanza kuulizwa.

Nne, akikamatwa mwizi, aliye karibu naye amkinge kwa mwili wake mpaka akabidhiwe kwa mamlaka. Hiyo ni jihadi ya siku hiyo.

Tano, kila msikiti utenge darsa moja kwa mwezi, kitabu cha jinai katika fiqhi kisomwe sambamba na Sura ya 16 kwa Kiswahili, ili asitokee wa kusema hakufikishiwa ujumbe.

Tumemaliza, lakini yule mjane hajamaliza. Bado analima kibarua katika mashamba ya watu, na watoto wake wawili wako madrasa kwetu. Mkubwa ameanza kusoma Suratul-Maida. Siku si nyingi atafika kwenye aya ya 27, atasoma habari ya ndugu wawili, kisha atainua uso atuulize baba yake alihukumiwa kwa kitabu gani. Ewe uliyepokea ng'ombe siku ile, mrudishie haki yake kabla hajafika kwenye aya hiyo.

Wabillahi tawfiq.